Jina Nililolimeza

Sifa, mutoto wangu,

Salamu sikuandikii, maana tangu asubuhi tumeketi pamoja tukichambua maharagwe ya safari yako, na kucheka tumecheka. Sasa umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, Papa yako yuko shambani anachimba viazi vya kukufungia, na mimi nimepata nafasi ya kukaa mezani na kaye, daftari la shule. Sitakuandikia juu ya blanketi, wala juu ya vizuizi vya barabarani kule Sake na Mubambiro, wala juu ya vijana wa mjini. Hayo dada zako wamekuambia hadi umechoka, na mengine unayajua kunishinda.

Nataka kukuandikia juu ya ile karatasi yako.

Uliponiletea ile barua ya kuombea nafasi iniversite, nikutazamie makosa ya Kifaransa, niliisoma nikiwa nimesimama karibu na jiko. Uliandika kwamba utasoma kilimo, jambo lililompendeza Papa yako. Halafu ukaandika kwamba pembeni ya kilimo, katika lile somo la pili mnaloliita mineure, umechagua haki za binadamu. Papa yako aliguna. "Haki ya binadamu inalima shamba gani?" akauliza, nawe ukamjibu kwamba shamba likinyang'anywa, kilimo kinabaki kwenye kaye. Nilimwona akificha kicheko. Alifurahi kujibiwa hivyo na binti yake.

Kisha nikafika kwenye mstari ulioeleza sababu. Uliandika kwamba mama yako alikuwa mkalimani wa watu waliodhulumiwa katika kambi ya Kitshanga, kwamba alikuwa kinywa chao, na kwamba yeye ndiye aliyekufundisha kuwa neno la mtu mdogo lina uzito.

Nilisahihisha herufi mbili. Ukaniuliza, "Mama, iko muzuri?" Nikasema iko muzuri. Nikageukia sufuria ili usinione uso.

Mutoto wangu, nilikuwa kinywa cha mtu mara moja tu, na siku hiyo kinywa hicho kilidanganya.

Wakati ule wewe ulikuwa na miaka saba. Tulikaa Kitshanga, nami nilifundisha darasa la tatu katika shule iliyokuwa jirani na kambi. Siku moja mkurugenzi akaniita bironi, ofisini kwake. Walikuwapo wageni wawili kutoka Goma, bwana mmoja mwenye mvi kidogo na msichana mwembamba wa kuandika. Walikuwa wakizunguka kambini kukusanya habari za yaliyowapata watu. Kwa Kihunde walikuwa na mkalimani, kwa Kinyarwanda pia. Lakini kulikuwa na mama mmoja aliyekimbia kutoka Walikale ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha kununua chumvi. Jambo lake alitaka kulisema kwa Kinyanga. Hapo shuleni, mwenye Kinyanga na Kifaransa nilikuwa mimi peke yangu, kwa kuwa nilizaliwa kule msituni Walikale kabla ya kuja kuolewa huku kwenye milima ya Masisi.

Nilikubali haraka. Nilivaa kitenge changu kizuri. Sitakuficha, nilijiona mtu mkubwa.

Yule mama ni Mama Riziki. Ndiyo, huyo huyo unayemkumbuka, tuliyemwita kwa jina lake mwenyewe, aliyekuwa akikusuka nywele.

Alikaa juu ya benchi la wanafunzi, magoti yakimfika kifuani kwa udogo wa lile benchi, akaanza kusema. Alisema muda mrefu bila kulia. Watu wenye bunduki walifika kijijini wakataka wanaume sita wa kuwabebea mawe, yale magunia ya madini yanayotolewa msituni kwa mgongo. Wakamwambia kapita, mkubwa wa kijiji, awape watu sita kesho yake. Kapita akawataja sita, na wa sita alikuwa mtoto wake mwenyewe. Lakini asubuhi, watu walipopangwa mstari, yule mtoto wa kapita hakuwapo. Mahali pake alisimama Bahati, mtoto pekee wa Mama Riziki, ambaye usiku kucha alikuwa na homa. Mama yake alipiga magoti mbele ya kapita. Kapita akatazama chini. Waliondoka, na Bahati hajarudi hadi leo.

"Sikieni muzuri," akasema. "Alimutosha mutoto yake kwenye mustari, akamutia wangu. Jina ya ule kapita iko Donatien, mutoto ya Kasimiri."

Kasimiri ni babu yako, Sifa. Donatien ni mujomba wako.

Mama Riziki hakujua mimi ni nani. Aliolewa kijijini kwetu baada ya mimi kuondoka, hatukuwahi kuonana. Nami nilikuwa sijasikia habari hiyo hata kidogo. Mawazoni nilimwona kaka yangu, wakati nikiwa mtoto, baba amekwisha kufa, yeye ana miaka kumi na sita, anapanda mlima na bidoni ya mafuta ya mawese kichwani ili mimi nipate viatu vya kuingia navyo sekondari. Yeye alibaki bila shule. Kifaransa kile nilichokuwa nacho mdomoni mbele ya wale wageni, ni yeye aliyekibeba.

Yule msichana alikuwa ameshika kalamu, ananingoja.

Nikasema kwa Kifaransa: "Anasema watu wenye bunduki walimchukua mtoto wake."

Msichana akaandika, akainua macho. "Ni hayo tu? Amesema muda mrefu."

Nikajibu: "Anarudiarudia. Ni uchungu."

Sentensi hiyo fupi nimeibeba miaka yote hii. Sikumnyima jina tu. Nilimfanya mama mwenye akili timamu, aliyepanga maneno yake moja baada ya lingine kama mtu anayejenga ukuta, aonekane mtu aliyechanganyikiwa.

Na jina halina tafsiri. Donatien kwa Kinyanga ni Donatien, kwa Kifaransa ni Donatien. Mama Riziki alikuwa ameinamisha kichwa akilisubiri, na halikuja. Wageni walipoanza kufunga vitu vyao akanishika mkono, akaniuliza kwa lugha yetu, "Jina yake umeitaja?"

Nikasema, "Nimeitaja."

Akanishukuru. Siku ya pili akaja nyumbani na ndizi mbili, akasema hana kingine, akakuona wewe na nywele zako zilizosimama, akakuita. Hivyo ndivyo alivyoanza kukusuka. Alikuja Jumamosi, kila baada ya wiki mbili, akakukalisha katikati ya magoti yake, akakuimbia nyimbo za Kinyanga ambazo mimi mwenyewe sikuwahi kukufundisha. Kila alipomaliza aliniuliza kama Goma wamejibu. Kama wamemwita kapita. Nikasema bado. Ningeweza kumwambia siku yoyote. Kulikuwa na Jumamosi nyingi, mutoto wangu, na kila moja niliipitisha nikisema ijayo.

Ningependa kukuandikia hapa kwamba niliungama. Sikuungama. Nilikamatwa.

Unakumbuka ile hadithi yetu ya nyumbani, ya siku uliyokwenda shule nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama kichaka? Dada zako huisimulia hadi leo kwenye sikukuu, na wewe hucheka kuliko wote. Uliniuliza siku ile kwa nini Mama Riziki hakumaliza, nikakuambia amechoka. Hakuchoka. Alikuwa anakusuka uani, mtu akapiga hodi mlangoni, wewe ukaruka ukapiga kelele: "Mujomba!" Ukamkimbilia na kichwa chako cha nusu. Mujomba wako alikuwa ametoka Walikale na nyama ya moshi kwenye begi, akakuinua juu kama alivyozoea.

Mama Riziki alibaki mikono yake hewani, kana kwamba kichwa chako bado kiko pale. Akamtazama. Akanitazama.

"Iko nani kwako?" akaniuliza.

"Iko kaka yangu."

Aliweka kitana juu ya kigoda, taratibu. Akajifuta mafuta ya nywele kwenye nguo. Akapita mbele ya kaka yangu bila kumgusa hata kwa bega, akatoka.

Mujomba wako akabadilika uso. "Ule mama ninamujua," akasema. "Anafanya nini hapa?"

Nikakutuma kwa jirani. Nikamweleza yale aliyoyasema Mama Riziki mbele ya wageni wa Goma, nikamuuliza kama ni kweli. Hakukana. Alikaa pale pale alipokuwa amekaa Mama Riziki, akaniambia kwamba Yosefu wake alikuwa na miaka kumi na mitano tu, kwamba wale watu walikuwa wamekwisha kumpiga mtu mmoja hadi akashindwa kutembea, kwamba alifikiri watabeba siku tatu na kurudi kama wengine waliotangulia. "Weye ungefanya nini, dada?" akaniuliza. "Niambie. Ungefanya nini?"

Swali hilo ninalo hata leo. Na huko unakokwenda, mtu akikuambia ana jibu jepesi kwa swali hilo, msikilize kwa adabu halafu muulize ana watoto wangapi.

Kisha akaniuliza, "Kwa bale bachunguzi, ulitaja jina yangu?"

"Hapana."

"Aksanti, dada," akasema.

Kama angenitukana ningelala vizuri zaidi. Lile aksanti liliniumiza mahali ambapo pigo halifiki. Niliona kwamba nimelipa fadhila ya kaka yangu kwa mali ya mtu mwingine. Mali pekee aliyobaki nayo Mama Riziki ilikuwa yale maneno.

Nilimfuata kambini. Alikuwa na kibanda cha shiti, yaani turubai, upande wa chini, karibu na bomba la maji. Mara ya kwanza alifunga mlango. Mara ya pili jirani yake akaniambia hayupo, na niliona miguu yake chini ya pazia. Mara ya tatu nilimkuta nje akipepeta unga wa mihogo. Hakunikaribisha, lakini hakunifukuza. Nilianza kuomba msamaha, na nilikuwa nimeuandaa vizuri, na machozi yakiwa tayari. Akaniinulia mkono.

"Mama mwalimu, achana na machozi. Mimi nilisema maneno mengi, weye ukasema kidogo. Nataka maneno yangu."

Hilo tu. Nilikwenda kuomba msamaha na yeye alitaka kitu tofauti kabisa. Nilikwenda na haja yangu, Sifa, siyo yake. Pengine ndiyo maana nilipenda lile neno ulilolitumia siku moja ulipokuwa ukituelezea masomo yako, kwamba mtu aliyeonewa ni mwenye haki, siyo mtu wa kuhurumiwa tu. Wewe ulilisoma. Mimi nilifundishwa na mama mwenye ungo mkononi.

Nilirudi na kaye mpya na kalamu mbili. Akasema, mimi nikaandika, kwa Kinyanga, kama alivyotamka. Kila mstari nilimsomea. Nilipoandika "walimchukua", akanisimamisha.

"Sikusema hivyo. Nilisema alitolewa. Kuchukuliwa na kutolewa haiko kitu kimoja."

Nikafuta. Tulichukua mchana wa siku mbili. Nilipoliandika jina la kaka yangu kalamu ilikwama kwenye herufi ya kwanza, naye akaona, akageuza uso akatazama upande wa bomba hadi nikamaliza. Hiyo ilikuwa huruma yake kwangu, na sikuwa nimemwomba.

Nilinakili mara mbili, nakala moja akabaki nayo, nyingine nikaandika kwa Kifaransa, nikateremka nayo Goma. Kabla ya kwenda nilimpelekea mujomba wako ujumbe kwamba ninakwenda kulitaja jina lake. Hakujibu. Yule msichana mwembamba nilimkuta bado yuko pale. Alisoma kurasa zote. Akaniuliza, "Mbona mara ya kwanza haya hayakusemwa?"

"Yalisemwa," nikajibu. "Mimi ndiye sikuyasema. Kapita huyu ni kaka yangu."

Akaliandika na hilo pia. Hakunigombeza. Alinipa soda, na hakuniita tena kutafsiri, na alifanya vizuri. Dosye, lile faili la kesi, ilifunguliwa. Naomba ulijue hili mapema, maana litakuja kukuuma: ile dosye haikutoa jibu. Vita ilihama, ofisi ikahama, msichana yule akaolewa au akahamishwa, sijui. Bahati hakupatikana. Hakuna aliyeitwa.

Mujomba wako hakukanyaga kwetu miaka miwili. Uliniuliza mara nyingi yuko wapi, nikakuambia ana kazi za kijiji. Papa yako alijua. Yeye peke yake. Kila Krismasi aliweka kiti kimoja zaidi mezani, na kila Krismasi nikakiona kitupu.

Mama Riziki alirudi Walikale kwa mdogo wake, wakati kambi ilipoanza kuvunjika. Alikwenda na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, kifuani. Hajui kusoma. Siku chifu alipokusanya vijiji kwa ajili ya kugawa mashamba ya waliorudi, Mama Riziki alimpa katekista zile karatasi, akasimama akasema kuna jambo lake la kusomwa. Kaka yangu alikuwa pale mbele, kwenye kiti cha kapita. Sikuwapo. Ninachokuandikia nilikisikia kwake mwenyewe.

Katekista alisoma yote, neno kwa neno. Alipofika kwenye jina, watu wakatazama miti. Mujomba wako akasimama. Alisema miguu ilisimama yenyewe. Akasema, "Iko kweli. Wa sita alikuwa Yosefu yangu. Mimi njo nilimutoa Bahati."

Mama Riziki hakupiga kelele. Alimuuliza maswali mawili.

"Alikuwa na homa. Ulijua?"

"Nilijua."

"Alikula kitu mbele ya kwenda?"

"Bibi yangu, mama ya Yosefu, alimupa ndizi ya kuchoma. Alikula njiani. Nilimuona."

Akasema, "Basi," akakaa.

Hakusema amesamehe, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Chifu alimvua mujomba wako ukapita siku ile ile. Kwetu tulikuambia ameuacha kwa sababu ya mgongo, na mgongo ulikuwa uongo mwingine, uuhesabu pamoja na yale mengine. Wanaishi kijiji kimoja mpaka leo. Wakikutana njiani mujomba wako humpisha. Yeye Mama Riziki husema asubuhi njema, au hasemi, kutegemea siku.

Baada ya mkutano ule kaka yangu alitembea siku nne kuja kwangu. Alifika na miguu imevimba. Nilidhani amekuja kunilaumu. Alikaa, akanywa maji, akasema usingizi umeanza kumrudia kidogo. Ndiyo ile Krismasi aliyotokea ghafla na ukamrukia kama mtoto wa miaka mitano, na dada zako wakashangaa kwa nini mimi na Papa yako tunalia juu ya kuku.

Sasa unajua. Sikuandikii haya ili uache kumpenda mujomba wako, wala ili uendelee kumpenda. Sijui unavyopenda sasa. Umekuwa mtu mzima. Wala sikuandikii ili uache lile somo lako la pembeni. Lisome. Watakufundisha mikataba na vifungu vyake, mambo ambayo mimi siyajui. Mimi ninajua benchi moja, mama mmoja, na mkalimani mmoja aliyekuwa na sababu nzuri. Siku moja utakaa mbele ya mtu anayesema muda mrefu, utakuwa umechoka, au utakuwa unampenda yule anayetajwa. Sitakuambia ufanye nini. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, mwalimu, mkristo wa kila Jumapili, na nilichofanya umekisoma.

Kuna jambo moja limebaki. Mujomba wako alipofika jana ulidhani amekuja kukuaga. Amekuja kukusindikiza. Yeye ndiye atakayekupeleka hadi Goma kesho, kwenye moto, yaani pikipiki, wewe nyuma yake. Ni yeye aliyeomba. Jana jioni nilimwambia nitakuandikia haya. Alichukua panga ambalo lilikuwa kali tayari, akalinoa. Kisha akauliza, "Nikimubeba, atakubali?" Nikamwambia sijui, na kwamba ni haki yako kukataa, Papa yako atakupeleka.

Nilifikiri kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umefika. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini ungepanda nyuma yake siku nzima ukicheka, ukimshika kiuno, halafu kule chumbani ungesoma na kujua kwamba sisi wawili tulikuwa tunajua na wewe peke yako hujui. Nimekwisha kumfanyia mtu hivyo. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, kukiwa bado mchana, upate muda.

Nakusikia njiani, unaimba sauti ya pili ya ule wimbo wenu wa kutoka kanisani. Mujomba wako naye amekusikia. Ameinuka kwenye kigoda uani, amejifuta mikono, amesimama, hajui aje mlangoni au abaki pale.

Nakuja kukufungulia mimi.

Mama yako